Vijiti Viwili Uani kwa Oluka

Roselida aliketi kwenye benchi mbele ya ofisi ya Oluka, muuza mashine kuukuu, pale Malaba mpakani, mgongo wake ukielekea uani kama heshima inavyotaka. Nyuma yake, hatua hamsini hivi, mkwe wake Mukhwana alikuwa akizunguka matingatinga mawili yaliyokwisha kutumika kwingine. Kwao mama mkwe hamtazami mume wa binti yake. Hamkaribii, hali naye, hamwiti kwa jina, wala hamwambii neno la moja kwa moja. Tangu Mukhwana amwoe Auma ilikuwa imepita miaka minne, na Roselida hakuwa amekosea hata mara moja. Leo, kabla hata chai aliyoletewa haijapoa, alikuwa ameshageuza shingo mara tatu.

Tusimlaumu haraka. Kiunoni, ndani ya leso, alikuwa amefunga bei ya ng'ombe wote wa kulimia wa maboma arobaini ya Budalang'i. Miaka miwili mfululizo maji ya mto Nzoia yalikuwa yameingia mashambani, mihogo ikaoza ardhini na mahindi yakasimama majini hadi yakageuka meusi. Watu walikaa wakasema basi, tuchimbe mfereji mrefu maji yapate njia ya kwenda. Walijaribu kwa majembe mwaka mzima na wakafika pale mchanga ulipoisha na udongo mweusi wa kunata ulipoanza. Ndipo wakauza ng'ombe. Mashine ikiwa nzima, mfereji utakuwa tayari kabla ya mafuriko ya Aprili. Ikiwa mbovu, hawatakuwa na mfereji, na hawatakuwa na ng'ombe wa kurudia kulima. Huu ulikuwa mwisho wa Februari 1976, na upande wa Uganda mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya jiwe la Tororo.

Mtu aliyejua mashine alikuwa mmoja tu. Mukhwana, kijana wa Funyula, alikuwa ameendesha matingatinga miaka saba kwenye shamba la miwa ng'ambo, Uganda, hadi Wahindi wenye shamba walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili, naye akarudi kwao na sanduku moja. Mwenyekiti wa kikundi cha mfereji alikuwa Roselida, na karatasi zote zilikuwa na jina lake. Sasa mkwe na mama mkwe wataendaje sokoni pamoja? Wazee walikaa wakalitatua jambo hilo kabla ya chakula cha mchana, maana wazee hawashindwi kuamua jambo litakalofanywa na wengine. Mkwe atachagua, wakasema, mama atalipa, na Ojiambo atakuwa mdomo.

Ojiambo alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Roselida. Alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vilivyong'aa, na hakuna kilichomzuia kusema na mmoja wala mwingine. Tangu saa nne asubuhi alikuwa akienda na kurudi kati ya benchi na matingatinga, akipita kila mara kando ya baiskeli nyeusi, mpya kabisa, iliyoegemezwa kwenye ua wa miti. Kila alipopita aliigusa tandiko.

"Shemeji, mkwe anasema hii ya manjano," alisema aliporudi mara ya kwanza. "Anasema injini ni kama ya jana."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu?" Ojiambo alicheka. "Hiyo hata kuku hawezi kulala juu yake."

Kwa macho tu, alikuwa na haki ya kucheka. Tingatinga la manjano lilikuwa limepakwa rangi juzi, na rangi ilikuwa bado inanata hata mbu wawili watatu walikuwa wamekwama ubavuni. Kila kitu kilikuwa mahali pake: sepetu pana mbele, kiti cha ngozi, na nyuma mkono mrefu wa kuchimbia unaoishia kwenye ndoo ya chuma yenye meno. Jekundu lilikuwa na mkono na ndoo kama hizo, lakini rangi ilikuwa imebabuka, magurudumu yalikuwa na vipara, na mahali pa kiti paliwekwa gunia lililokunjwa.

Oluka mwenyewe alitoka ofisini kuongeza chai. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeombea wagonjwa.

"Nyabo, kunywa, kunywa," alisema, akimwita mama kwa Kiganda. "Hii ya manjano ilikuwa ya estate. Mzungu alikuwa anaendesha peke yake, Jumapili anaiosha na sabuni. Mimi siwezi kukudanganya, mimi ni mtu wa kanisa."

Roselida alishukuru. Hakuwa mjinga, alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kujua kwamba mtu anakusifia kitu chake hakukuambii kama kitu chenyewe ni kizuri au kibaya. Hilo alilijua Mukhwana peke yake, na Mukhwana alikuwa mbali kama yuko Kisumu.

Akageuza shingo mara ya nne. Mukhwana alikuwa amefungua boneti ya lile la manjano. Hakuna aliyekuwa ameliwasha tangu wafike. Aliweka kiganja juu ya injini, na papo hapo akakiondoa, akakipuliza.

Roselida alipika miaka thelathini kwenye mafiga. Mtu hapulizi kiganja kilichogusa chuma baridi. Injini ilikuwa ya moto, basi mtu alikuwa ameiwasha asubuhi kabla wageni hawajafika. Kwa nini, hakujua, lakini alijua kwamba mwenye nyumba hapashi chakula moto kabla ya mgeni kufika isipokuwa ni cha jana.

"Ojiambo," alisema, "nenda ukamwulize kwa nini ameondoa mkono."

Ojiambo alimkazia macho. "Shemeji. Umemtazama?"

Roselida aliinamia kikombe cha chai.

"Umemtazama mkwe?" Ojiambo alirudia, na sasa alikuwa amepunguza sauti kama anayemfichia aibu. "Mimi sitasema kitu. Lakini geuka, tafadhali. Huyu mtu wa ofisi ni Mteso, lakini hata yeye anajua mila. Usitutie aibu hapa barabarani."

Roselida akageuka, uso unamwaka. Alihisi kama mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu. Ojiambo alikwenda, akakaa huko kidogo, akarudi akipiga mluzi, akagusa tandiko la baiskeli. "Anasema ni mafuta tu, yalimchafua," alisema. "Anasema tulipe twende, mvua inakuja."

Roselida alikitazama kiganja chake mwenyewe, kisha akalikaza fundo la leso.

Saa sita Oluka alileta habari mpya. Kulikuwa na tajiri wa kahawa wa Amagoro, alisema, mtu mwenye lori lake, na huyo tajiri alikuwa anakuja saa tisa kuchukua lile la manjano. "Mimi nimempenda nyabo kwa sababu ni mama," alisema kwa huzuni. "Lakini biashara ni biashara. Saa tisa, sina uwezo."

"Mwambie mkwe ayawashe yote mawili," Roselida alimwambia Ojiambo. "Afanye kila anachotaka kufanya. Halafu uniletee neno lake lote, usipunguze."

Injini ziliwashwa, ua ukajaa moshi na kelele. Roselida alikuwa sasa amelisogeza benchi kidogo, akisingizia jua, na kwa pembe ya jicho aliona vizuri. Mukhwana aliinua mkono wa lile la manjano hadi ndoo ikafika kimo cha kifua cha mtu. Akazima. Akaenda kwa jekundu, akainua ndoo kimo kilekile, akazima. Kimya kilirudi, magari yakasikika tena barabarani yakingojea mpaka.

Kisha Mukhwana alifanya kitu cha ajabu. Alivunja vijiti viwili kwenye ua wa Oluka, akavisimamisha ardhini, kimoja chini ya kila ndoo, ncha ya kijiti ikiacha nafasi ya kiganja kimoja kabla ya chuma. Halafu akachukua debe la oili tupu, akaligeuza, akakaa juu yake. Akakaa tu.

"Anafanya nini?" Roselida aliuliza.

"Anapumzika," Ojiambo alisema. "Amemaliza. Neno lake ni lile lile."

Lakini Roselida alikuwa anavitazama vile vijiti.

Huko kwao, maji yakianza kupanda, hakuna anayekaa akikodolea mto macho. Mto mpana hauoneshi kama unapanda au unashuka, unameremeta tu. Watu huchomeka kijiti ukingoni mwa maji na kwenda kuendelea na kazi. Ukirudi ukakuta maji yamekipita kijiti, unafunga kuku kwenye tenga na kuwainua watoto. Ukikuta yamekiacha, unalala. Kila mama wa Budalang'i anakisoma kijiti jinsi karani anavyosoma barua. Na mwaka ule wa maji mengi, Mukhwana alikuwa amekuja na mtumbwi wa watu kuwahamisha wakwe zake, akalala siku tano shuleni pamoja na wanaume wengine, mbali na wanawake. Bila shaka alikuwa ameona nani alikuwa akichomeka vijiti na kuvizungukia kila saa.

Mtu wa mashine angeweza kupima kwa kamba, au kwa fimbo, au kwa jicho lake tu lililozoea. Huyu alikuwa ameweka kijiti cha mafuriko mahali ambapo mama mkwe wake angekiona.

Roselida hakugeuka tena kuficha uso. Alikaa upande, mikono juu ya magoti, akavitazama vijiti viwili kama alivyovitazama usiku wa maji. Ojiambo alizungumza na hakusikia. Oluka alileta mandazi na hakula. Robo saa ikapita. Chini ya ndoo nyekundu nafasi ilikuwa ileile, kiganja kizima. Chini ya ndoo ya manjano ilikuwa nusu kiganja. Baadaye vidole viwili. Hakuna aliyegusa kitu, hakuna injini iliyowaka, na ule mkono mkubwa ulikuwa unashuka wenyewe, polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Ndoo ikagusa kijiti. Kijiti kikapinda. Halafu kikavunjika, na hata kutoka pale benchini alisikia mlio wake mdogo.

Kile kingine kilikuwa kimesimama vilevile.

"Ojiambo," alisema kwa hasira, "ile ya manjano inashuka."

"Inashuka nini?"

"Ndoo. Imevunja kijiti."

"Ah, shemeji. Hiyo ni kawaida ya mashine, hata mkono wako ukichoka unashuka. Unafikiri mkwe hajui? Amesema nzima. Wewe na yeye nani anajua mashine?"

Nani, kweli? Alikuwa mama wa mihogo na vijiti. Labda mikono ya mashine yote hushuka. Labda lile jekundu halishuki kwa sababu limeshika kutu. Neno pekee alilokuwa nalo la mtu anayejua lilikuwa lile lililotoka katika kinywa cha Ojiambo, na lilikuwa neno moja tangu asubuhi: manjano, manjano.

Mara gari dogo likaingia uani, likashuka bwana mmoja mrefu mwenye kofia. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile la manjano, akapiga teke gurudumu, akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika.

"Nimesema saa tisa, huyu amekuja saa nane," Oluka alinong'ona, akiwa ameshika karatasi ya mauzo na kalamu. "Nyabo, ni sasa. Weka sahihi, au mimi nimempa."

"Lipa, shemeji," Ojiambo alisema. "Tutarudi nyumbani na nini? Tutawaambia watu tulikunywa chai?"

Roselida alipeleka mkono kwenye fundo la leso. Fundo lilikuwa limekaza, halikufunguka upesi. Fundo lilipoanza kulegea aliinua macho, akaona Mukhwana amesimama kutoka kwenye debe. Mkwe wake alikuwa ameuona ule mkono kwenye fundo. Akavua kofia yake, akaipiga chini kwa nguvu, akainua mikono yote miwili kichwani jinsi watu wanavyofanya kwenye msiba. Kisha, kama aliyekumbuka ni nani aliye mbele yake, akageuka upesi na kutazama ukuta.

Roselida akalifunga fundo. Akainuka.

"Unakwenda wapi?" Ojiambo aliuliza.

Roselida alishakwenda. Alitembea zile hatua hamsini kupita katikati ya ua, mchana kweupe, mbele ya Oluka, mbele ya yule tajiri, mbele ya wapakiaji waliokuwa wakila mihogo kwenye kivuli cha lori. Aliona aibu, na tusiseme hakuiona. Alikuwa amewahi kuwaambia wanawake wengine, akiwa amenyoosha mgongo, kwamba yeye hajui hata mkwe wake ana sura gani.

Nyuma yake Ojiambo alipiga kelele kwa Kinyala, lugha ya kwao, "Mukhwana! Mama anakuja huko!"

Na Mukhwana, kwa kuwa alilelewa vizuri, akakimbia. Alizunguka nyuma ya tingatinga jekundu. Roselida akazunguka kumfuata. Mkwe akaendelea mbele, upande wa injini. Mama akaharakisha. Viatu vya Mukhwana vilionekana chini ya tumbo la mashine vikienda upesi, na Roselida naye nyuma, leso imeshikwa mkononi, wakalizunguka lile dude mara moja na nusu. Wapakiaji wakaacha kutafuna. Mmoja akacheka, mwingine akamfinya anyamaze, maana hata pasipojulikana lugha, jambo kama hili linajulikana.

Roselida akasimama, anahema. Hivi watazunguka hadi mvua inyeshe.

"Mukhwana!" aliita.

Jina lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vile viatu vikaganda.

"Mama," sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa mashine, chini, kama inayoomba. "Mama, usiniite. Watu wanatuona."

"Waone. Mimi nataka kusikia kwa masikio yangu. Ile ya manjano, umesema nini?"

"Si nimemwambia Ojiambo..."

"Ojiambo ameniambia yake. Niambie yako."

Viatu vikasogea kidogo. Halafu, "Yeye amekuambia nini?"

"Kwamba ni nzima. Kwamba nilipe."

"Mama, nimesema ni mbovu. Nimesema mara nne tangu asubuhi, na kila mara anaitikia, anaenda kwako, anarudi akicheka. Nikaanza kuona hii kitu si sawa. Lakini ningefanya nini? Nikupigie kelele?"

"Piga sasa."

Na Mukhwana akapiga, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, uso wake ungali umefichwa na injini. "Hiyo ya manjano waliiwasha kabla hatujakuja, hawataki tuone vile inawaka ikiwa baridi. Oili yake imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni maji yanaingia ndani, bloku ya injini imepasuka. Mkono haukai juu hata nusu saa. Ukiipeleka Budalang'i itachimba siku mbili, siku ya tatu itakufa ndani ya shimo na hakuna mtu ataitoa. Hii nyekundu ni mbaya ya kutazama tu. Pampu yake ni nzuri, oili ni safi, pini zake zimebadilishwa. Magurudumu na kiti, hiyo si ugonjwa."

"Na vijiti?"

Safari hii alijibu polepole. "Vijiti vilikuwa vyako, mama. Sikujua njia ingine ya kusema na wewe."

Machozi yalimjia Roselida, akayafuta kwa ncha ya leso kwa hasira, maana hayakuwa na kazi pale. Alikuwa na furaha na aibu na hofu, vyote pamoja, na juu ya vyote alikuwa na ghadhabu ambayo hakuwa ameisikia tangu mumewe afariki.

"Tutachukua hii nyekundu," alimwambia Oluka. "Lakini sasa imekaa karibu saa nzima imezimwa. Tutangoja ipoe kabisa, halafu iwashwe mbele yangu."

"Nyabo, huyu tajiri..."

"Mpe tajiri ya manjano."

Lakini tajiri hakuonekana kuitaka tena. Na baadaye kidogo, walipokuwa wakingoja, Roselida alimwona yule bwana wa kofia akikusanya vikombe vya chai kutoka benchini na kuviingiza jikoni kwa Oluka, bila kumwuliza mtu jiko liko wapi.

Walingoja. Mawingu yaliiacha Tororo, yakafika juu ya mpaka. Oluka alipoona kwamba mama huyu hatingishiki, upole wote ulimtoka kama maji kwenye gunia, na akamgeukia Ojiambo.

"Wewe!" alifoka. "Ulisema utaleta mtu wa kununua manjano. Baiskeli yangu unaacha hapa hapa!"

Wote wakaitazama ile baiskeli nyeusi. Ojiambo alitazama viatu vyake.

"Baiskeli," Roselida alisema. Alikuwa amefikiria mambo mengi, uchawi, wivu, deni, lakini hilo hakuwa amelifikiria. Boma la Ojiambo lilikuwa chini kuliko yote, ndilo la kwanza kuingiwa na maji. "Maboma arobaini, Ojiambo, na lako moja. Ungeipanda wapi, majini?"

Ojiambo alipangusa vumbi kwenye kiatu kimoja.

Saa kumi, chuma kilipokuwa baridi kama jiwe la mtoni, Mukhwana alipanda juu ya gunia, akageuza ufunguo. Jekundu likakohoa, likatoa moshi mweusi, likakohoa tena. Mara ya tatu likawaka, likanguruma sawasawa. Mkono ukanyooka, meno yakazama kwenye udongo mgumu wa ua wa Oluka, yakainua donge zima na kuliweka kando, na Oluka akapiga kelele kwamba wanamharibia kiwanja. Hapo Roselida alilifungua fundo mwenyewe, na safari hii vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alitia sahihi kwa herufi kubwa.

Wakati Mukhwana akikaza magurudumu kwa safari, Ojiambo alimfuata Roselida hadi karibu na lango. Alikuwa amesawijika.

"Shemeji, sikiliza. Nyumbani watauliza. Mimi ndiye nilikuwa mdomo, neno langu ndilo watasikia." Alitupa jicho uani. "Nitasema hukuinuka kwenye benchi. Nitasema kila neno lilipita kwangu, vile inatakiwa. Na wewe, hii mambo ya baiskeli uiache hapa Malaba. Mukhwana hawezi kusema, hata yeye anaona aibu. Hakuna mtu atajua."

Kusema kweli, Roselida alilifikiria. Aliwaona wazee wamekaa, wakimwuliza kama ni kweli alimkimbiza mkwe wake mchana mbele ya wapakiaji. Aliwaona wanawake kisimani wakinyamaza akifika. Huenda wangempa mtu mwingine uenyekiti kabla ndoo haijagusa udongo. Auma angelia, kwa sababu watu husema jambo kama hilo huwafuata watoto wa nyumba hiyo, na Auma alikuwa bado anatafuta mtoto. Yote hayo yangefutwa na uongo mmoja mdogo, na mwongo alikuwa amesimama hapo tayari, anasubiri kuitwa.

"Hapana," alisema.

"Shemeji, watakutoza mbuzi! Watakuosha kama mtu mwenye mkosi!"

"Mbuzi wangu aliuzwa pamoja na ng'ombe. Watangoja tuvune." Aliivuta leso mabegani. "Jumamosi, mbele ya kikundi, nitasimama mimi kwanza. Nitasema nilimtazama mkwe wangu, nikamwita jina, nikamzungusha mashine kama kuku. Watasema wanachotaka kusema. Nikikaa, utasimama wewe, useme ulichoniletea na kwa bei gani. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Basi nitakusemea. Mimi nitasema sawasawa na ulivyosema, sitapunguza."

Alimwacha hapo langoni, akarudi uani. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka, makubwa, machache. Mukhwana alikuwa ameshakaa juu ya gunia, injini inawaka, na alipomsikia anakuja aligeuza uso pembeni kwa mazoea. Roselida alizunguka hadi upande ule alikogeuzia uso, akasimama mbele yake.

"Mukhwana," alisema, "mvua imefika. Twende tukachimbe."

Kijana alipunguza ngurumo ya injini. Kisha akamtazama, macho kwa macho, akasema, "Haya, mama." Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na jino moja limekatika, na alikuwa mdogo zaidi kuliko alivyokuwa akimwaza kwa miaka minne.